Matangi Matatu ya Mugunga

Mmeniomba niandike, nami nimekubali kwa sharti moja: asitokee mtu wa kunirekebishia sentensi. Mlionijua kazini mnajua nimezoea kurekebisha, si kurekebishwa. Hamtakuta humu habari za vyeo. Vilivyokuja vilikuja, na vingine vilipita mlangoni bila kubisha hodi. Nitaandika habari za giza, za maji, na za wazee wawili waliogombana miaka yote niliyowajua juu ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukiona kwa macho.

Naitwa Kahindo. Kabla ya kituo nilikuwa fundi wa redio mtaa wa Murara, mjini Goma, kwenye kibanda cha mjomba wangu. Siku moja aliingia mzee mrefu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, ameshika redio ya zamani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Huyo ndiye Papa Kasereka, mwalimu wa fizikia kutoka Butembo, mkuu wa kituo cha kupimia miale ya anga kule Mugunga. Sikujua. Nilidhani ni katekista. Niliifungua redio yake, nikainusa, nikamwonyesha kipande kilichoungua. Akainusa na yeye.

"Mama, weye unatumiaka pua?"

"Kwanza pua, Papa. Kiisha mashini."

"Kesho asubui kuya Mugunga. Leta na ile pua."

Siku yangu ya kwanza niliimaliza ndani ya tangi. Nasema kweli, ndani. Kituo kilikuwa na matangi manne meusi, kila moja kubwa kuliko chumba changu cha kulala, yamesimama juu ya mawe ya volkano ndani ya uzio wa waya. Lile la mwisho lilikuwa bado tupu. Papa Kasereka alinipa kigoda, akaniambia niingie nikae, kisha mfuniko ukafungwa juu ya kichwa changu. Kazi ilikuwa hivi: mimi nakaa gizani mpaka macho yazoee, na mtu wa nje anazunguka na taa kali akiimulika kwenye kila mshono. Nikiona hata tundu dogo la mwanga, napiga kelele, naye analiziba kwa lami. Wa nje alikuwa Injenia Cirhuza, mtu wa upande wa Bukavu, mfupi, mcheshi, mfuko umejaa karanga. Nilisikia akizitafuna huku akizunguka. Nilitaka kutoka, ila niliona aibu kuomba nitolewe siku ya kwanza.

"Unaona kitu?" aliniuliza.

"Sioni hata mikono yangu."

"Muzuri sana! Sasa uko kazini."

Mnaokuja nyuma yangu mnayapima haya yote kwa mashine, na mnafanya vizuri. Lakini ningependa kila mmoja wenu akae humo mara moja. Utajua tunachokilinda ni nini.

Nieleze kidogo, kwa sababu barua hii huenda ikasomwa na watoto wenu pia. Kutoka angani hushuka chembe ndogo mno, usiku na mchana, zenye nguvu ya kutisha. Ikifika moja juu ya hewa yetu inapasuka, na vipande vyake vinamwagika kama manyunyu. Vikipita ndani ya maji safi vinatoa mwanga hafifu wa buluu unaowaka na kuzimika kabla hujafikiria kupepesa. Ndani ya kila tangi tulitundika balbu kubwa ya kioo tuliyoiita jicho, kazi yake ni kuunasa mwanga huo. Ndiyo maana giza liwe giza kweli, na maji yawe safi kuliko ya kunywa. Na ndiyo maana matangi yawe matatu au zaidi. Mvua ya upepo ikija, ukuta unaolowa kwanza ndio unaokuambia imetokea upande gani. Vivyo hivyo sisi: tangi lililowaka kwanza, la pili, la tatu, tukalinganisha, tukajua chembe ile ilitoka sehemu gani ya mbingu. Yakibaki mawili, utajua imekuja tu. Ilikotoka hutajua kamwe.

Ilikotoka, hapo ndipo penye ugomvi. Chembe hizi zina umeme, na njiani zinapindishwa na sumaku iliyotapakaa kati ya nyota, kwa hiyo nyingi zinapofika zinadanganya. Upande zinakotokea siko zilikozaliwa. Ni zile zenye nguvu kubwa tu zinazopinda kidogo, na hizo ni adimu. Wataalamu wa dunia nzima wamegawanyika juu yake, na kituo chetu kidogo nacho kiligawanyika katikati kabisa, pale penye meza ya chai. Injenia Cirhuza alishikilia kwamba zinatoka humuhumu nyumbani, kwenye nyota zilizolipuka katika mkanda wetu wa nyota, ule mnaouona umelala angani umeme ukikatika mji mzima, yaani mara nyingi. Papa Kasereka alisema haiwezekani, zile kubwa kabisa zinatoka nje, mbali, kwenye vitovu vya mikanda mingine ambako kitu cheusi kinameza nyota.

"Muzee, weye unapenda mbali ju mbali hakuna mutu ataenda kuhakikisha," Cirhuza alikuwa akisema.

"Na weye unapenda karibu ju ya uvivu."

Walianza hivyo asubuhi ya kwanza niliyowakuta, na sikumbuki siku waliyopumzika isipokuwa Ijumaa Kuu. Msidhani walikuwa wanachukiana. Papa Kasereka alikuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa pili wa Cirhuza. Lakini kwenye jambo hili walikuwa wagumu kama mawe ya pale. Sisi tuko karibu na ikweta, tunaiona mbingu ya kaskazini na ya kusini, jambo ambalo nchi nyingi zenye mamia ya matangi hazilipati. Matangi yetu manne yasingemaliza ugomvi wa dunia, na wote wawili walilijua hilo. Ila yangeweza kuonyesha kama zile kubwa zinaelemea upande wa mkanda wetu au la, na kwao hilo lilitosha kuwanyima usingizi.

Kazi ya miaka iliyofuata ilikuwa hasa kupangusa. Moshi wa mlima wa volkano ukishuka ulikula viungo vya nyaya vikawa kijani, nikavisugua kwa spiriti ya hospitali. Panya walipenda nyaya za jicho la pili peke yake, na hadi leo sijui zilikuwa na utamu gani. Radi ilitupiga mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Papa Kasereka alinifundisha kuzima: kwanza umeme wa jicho, polepole, ushuke kama mtu mzima anavyoshuka ngazi, ndipo mengine. Jicho likiona mchana huku umeme umo ndani, limekufa, na hakuna duka la majicho Goma. Alinifundisha pia nisiamini kiungo ambacho sijakigusa kwa mkono wangu. Hilo nimewapigia kelele hadi mmelichoka.

Tangi la nne lilikufa hivyo. Ilikuwa wakati mmoja watu walipokimbia vita wakajaa Mugunga, na mtu mmoja mwenye kiu alitoboa ukuta wake kwa msumari wa moto. Maji aliyapata. Mwanga uliingia, jicho likaungua. Sikumlaumu, ningekuwa na watoto ningetoboa na mimi. Lakini tulibaki na matatu, na washirika wetu wa ng'ambo wakatuambia waziwazi: vipimo vikikatika tena, vifaa vinahamia nchi nyingine. Kwa hiyo tulibaki na idadi ile ambayo chini yake hakuna kazi.

Hapo ndipo Injenia Cirhuza alipopata wazo lake kubwa. Alinunua rangi nyekundu, akachora fuvu la kichwa kwenye kila tangi, na chini yake akaandika kwamba ni hatari ya kifo. Hakujua kuchora. Mafuvu yote matatu yalikuwa yanacheka. Ila kila aliyemuuliza alimwambia kwa uso mkavu kwamba maji yale yanachoma matumbo, yanapofusha, yanakausha uzazi. Kila mara aliongeza kitu. Mwisho akina mama waliopita njia ile waliwavuta watoto wao upande wa pili wa barabara, na walinzi wetu wakawa hawana kazi ila kulala. Tulicheka sana. Uongo wake ulifanya kazi kuliko uzio.

Sasa nafika kwenye mwaka ule. Vita vilirudi kwenye barabara ya mji wa Sake. Watu walishuka kwa siku nyingi mfululizo, magodoro kichwani, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao, zimebeba bibi na masufuria pamoja, na kambi ikatambaa hadi ikagusa waya wetu. Mahema ya plastiki yalisimama pale nilipozoea kuegesha pikipiki. Tuliendelea kupima. Mabomu yakilia upande wa Sake, mistari kwenye kompyuta haikutikisika, na mimi nilichukizwa na utulivu wake.

Na tusiwe na haya ya kusema, mwaka ule ulikuwa mwaka mzuri wa Cirhuza. Chembe kubwa, zile adimu, zilikuwa zinarundikana upande wa mkanda wetu wa nyota, polepole, moja baada ya nyingine. Haukuwa bado uthibitisho. Ilihitajika miezi mingine bila kukatika. Lakini Papa Kasereka alikuwa ameacha kuchokoza kwenye chai, na Cirhuza, ambaye hakujua kushinda kimya kimya, alikuwa anaimba nyimbo za kwaya akipita nyuma ya kiti chake.

Kisha malori ya maji yakaacha kuja. Yalikuwa yanaleta maji ya ziwa kwenye mifuko mikubwa ya kambi, na njia ikawa ya risasi. Mugunga haina mto wala kisima, mnajua wenyewe, mvua ikinyesha jiwe linaimeza. Watu walikuwa wanashuka hadi ziwani na vidumu vya njano, na waliokuwa na nguvu ya kushuka walipungua. Baada ya hapo kikaingia kipindupindu. Sitawaeleza harufu. Mwenye pua kama yangu hahitaji kuambiwa.

Alikuwepo mama mmoja, Mama Masika, aliyechaguliwa na wanawake wa mahema ya karibu nasi kuwa msemaji wao. Kule Sake alikuwa akiuza maharage. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya soko, mwenye kuniita kwa jina kupitia kwenye waya na kuniuliza kama nimekula. Asubuhi moja alikuja bila ile sauti. Mjukuu wake Neema alikuwa ameanza kuhara tangu jana yake. Alishika waya kwa mkono mmoja na kidumu kitupu kwa mkono wa pili.

"Mama Kahindo, weye unajua batu ba mujini. Hauwezi kutuitia kamio ya mayi?"

Nyuma yangu, hatua chache tu, yalisimama maji ya kumwosha na kumnywesha kila mtu wa upande ule. Mama Masika aliyaangalia matangi, akaangalia mafuvu yanayocheka, akanirudishia macho. Hakuomba hata tone. Alikuwa anaamini. Kumwomba mtu maji ya sumu kungekuwa wazimu, na yeye hakuwa na wazimu, alikuwa na mjukuu anayekauka. Papa Kasereka na Cirhuza walikuwa mlangoni mwa kontena iliyokuwa ofisi yetu, wamesikia kila neno. Nilitamani ardhi ipasuke, ingawa Goma hilo si jambo la kutamani ovyo.

Nilimwambia nitapiga simu. Nikaingia ndani, na wao wakanifuata.

"Tufungue," alisema Cirhuza. Karanga alikuwa amezitema.

"Kamio itakuya," alisema Papa Kasereka. "Banasema leo saa sita."

Saa sita ilifika, na lori lilifika hadi kizuizi likageuzwa. Tuliliona kwa mbali likirudi nyuma, likipiga honi. Alasiri nesi wa kambi alipita akituambia maji ya chumvi ya wagonjwa yameisha, chumvi anayo ila hana maji ya kuichanganyia. Cirhuza alimuuliza kama maji ya matangi yetu yanafaa. Nesi alisema yakitiwa klorini yatakuwa bora kuliko anayokunywa yeye mwenyewe, akaondoka akidhani ni maswali ya watu wa sayansi.

"Tufungue, Muzee."

"Hapana."

"Mutoto wa ule mama atakufa kwa mulango yetu!"

"Najua!" Papa Kasereka alipiga meza. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku ile. "Unazani sijue? Lakini sikiliza. Mi njo niko nashindwa. Kila mutu anajua. Nikifungua leo, hesabu inakatika, na mi naokoka. Batasema Kasereka alikimbia. Hata mi mwenyewe, nikilala, sitajua kama nilifungua ju ya batoto ao ju yangu."

Sikuwahi kuona kitu kama hicho, na sijakiona tena. Mtu mwema amefungwa na wema wake mwenyewe. Alikuwa ameshika mlango wa maji kwa sababu kuufungua kulikuwa na faida kwake. Nilimkasirikia. Nilitaka kumtikisa mabega yale marefu. Nje mtoto alikuwa analia, kisha akanyamaza.

Cirhuza alikaa chini. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Basi weye usifungue," alisema taratibu. "Njo haki yako. Mi njo niko nashinda, hapana? Mi sina faida ya kufungua. Nitafungua mimi. Hakuna mutu atasema kitu."

"Cirhuza, ni kazi yako yote."

"Ni yangu. Njo maana naweza kuitoa."

Walinigeukia mimi, kwa sababu swichi zilikuwa upande wangu na bila kuzima majicho robine ya kufungulia maji haiguswi. Nilimwangalia Papa Kasereka. Nilikuwa nimefanya kazi chini yake nusu ya maisha yangu, na mkono wangu ulikataa kwenda bila neno lake.

"Papa, nizime?"

Alivua miwani. 

"Anza na ya kushoto," alisema. "Polepole, Kahindo. Vile nilikufundishaka."

Nikazima. La kushoto, la kati, la kulia. Ule mstari wa kompyuta uliokuwa ukiinuka na kushuka miaka yote ukalala chini. Cirhuza alikuwa ameshatoka na funguo ya robine.

Mngetegemea kwamba watu walikimbilia maji. Sisi pia tulitegemea hivyo. Tulifungua lango la uzio, Cirhuza akafungua robine ya tangi la kwanza, maji yakatoka meupe, mazuri, yakagonga mawe. Na watu wote waliokuwa karibu walirudi nyuma. Akina mama walibeba watoto. Mwanamume mmoja alichukua jiwe mkononi, akasimama nalo.

"Ni mayi ya kunywa!" alipiga kelele Cirhuza. "Haina kitu! Nilidanganya!"

Hakuna aliyesogea. Kwa nini wangeamini? Mtu yule yule aliyewaambia yanachoma matumbo sasa anawaita wanywe, tena siku watu wanakufa kwa tumbo. Cirhuza alichukua kitambaa na petroli akaanza kusugua fuvu, na hapo akaharibu kabisa, kwa sababu nilisikia wakisema kwamba anafuta ushahidi. Nesi alipokuja mbio na klorini yake akaanza kuitia kwenye mapipa tuliyoyajaza, mbele ya watu, manung'uniko yakapanda. Wanatia dawa, walisema. Mmeona wenyewe, wanatia dawa. Nilianza kuogopa sasa, si kwa ajili ya matangi. Watu waliokimbia mabomu hawana subira na watu wanaowachezea, na sisi tulikuwa tumewachezea kweli.

Nikamwona Papa Kasereka anatoka kwenye kontena amebeba kiti chake cha plastiki. Alipita katikati ya watu kama anaelekea kwenye komunyo, akakiweka kando ya pipa lililotiwa dawa, akakaa. Aliomba kikombe. Nilimletea kile cha chai. Alichota, akanywa chote, akachota tena. Cirhuza aliacha kusugua, akaleta kiti chake, akakaa karibu naye, akanywa pia. Mimi nilisimama nikanywa changu. Watu walituangalia kama wanavyomwangalia mtu aliyeumwa na nyoka, wakisubiri.

Jua lilikuwa kali. Wazee walikunywa, wakasubiri, wakanywa tena. Yule mwenye jiwe hakulitupa. Sijui ni nini kilichomwingia Papa Kasereka, labda joto, labda ile hasira iliyokuwa imebaki, lakini ghafla alimgeukia mwenzake.

"Hata vile, ile rundo yako haina maana. Ilikuwa kidogo sana."

"Kidogo? Muzee! Ilikuwa inapanda kila juma!"

"Hata kuku inapandaka. Kiisha inashuka."

"Weye ulikuwa umenyamaza kwenye chai! Juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nasikiliza ujinga yako vizuri!"

Wakaanza. Nyota zilizolipuka, vitovu vyeusi, sumaku ya njiani, nani alikosea hesabu mwaka gani. Walisimama, wakakaa, wakanyoosheana vikombe. Cirhuza alimwaga maji kwenye suruali yake akionyesha jinsi nyota inavyopasuka. Watu walisogea kidogo ili wasikie, kwa sababu ugomvi mzuri hauachwi hata kambini. Mama Masika alikuwa mbele yao, Neema mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala begani kama kitambaa. Alisikiliza kwa makini, akimtazama huyu, kisha yule. Akageuka kwa wenzake.

"Batu ba kukufa habagombane vile," alisema, kwa ile sauti ya soko.

Akaingia kwenye lango. Hakwenda kwenye pipa. Alienda moja kwa moja kwa Papa Kasereka, akamtoa kikombe mkononi katikati ya sentensi, akanywa kilichobaki. Alisimama kidogo, ulimi unaonja. Kisha akamshusha mtoto mgongoni akakaa naye chini, akamwita nesi alete chumvi yake.

Baada yake walikuja wote, na tulikuwa na kazi ya kupanga mistari mpaka vidumu vilipofunika mawe yote. Yule mwanamume alitupa jiwe lake ili ashike kidumu. Neema alipona. Wako waliokuwa wameshachelewa, na siwezi kuandika kana kwamba hawakuwepo. Maji ya matangi matatu yaliwafikisha watu wa upande ule hadi malori yaliporudi, na siku yaliporudi matangi yalikuwa yanalia kama ngoma ukiyagonga.

Washirika walitimiza neno lao. Vifaa vilifungwa kwenye masanduku, vikaenda. Papa Kasereka alirudi Butembo kufundisha sekondari. Mimi nilitengeneza pampu na friji za chanjo miaka mingi, kazi nzuri, isiyo na mtu wa kugombana naye. Cirhuza peke yake hakukubali. Alibisha milango, akaandika, akaomba, mpaka mkapata hiki kituo chenu, kidogo kuliko kile, na akaniita nije niwafundishe ninyi kuzima na kuwasha. Mengine mnayajua, kwa kuwa wengi wenu nilikuwa nikiwafokea.

Ila siku ya kukiwasha kituo hiki wengi wenu hamkuwepo. Papa Kasereka alishuka kutoka Butembo, anatembea na fimbo, shati limepigwa pasi vile vile. Mliokuwepo mliwaonyesha wageni ule mchoro wa zamani wa Mugunga, na ule mstari wa rundo la Cirhuza unaopanda, unapanda, halafu unakatika. Mmoja wenu aliuliza ulikuwa unaelekea wapi. Niliona Cirhuza anafungua mdomo, lakini Papa Kasereka alimtangulia.

"Ilikuwa inaelekea kwake," alisema, akimwonyesha kwa fimbo. "Muandike vile. Huyu alikuwa ananishinda."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo miaka mingi kuliko Cirhuza mwenyewe, na machozi yalinitoka mbele ya wageni bila kuniomba ruhusa. Lakini Cirhuza alitikisa kichwa.

"Hapana, Muzee. Hatukumalizaka."

"Sasa juu ya nini mulisimamisha?" yule kijana akauliza tena. "Mashini ilikufa?"

"Mashini ilikuwa muzima," alisema Cirhuza. "Batu balikuwa na kiu."